Amplifaya ya Babu na Bei Yake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti hili tumezoea kusoma habari za mpira, za mabweni, na za safari ya kwenda kutazama nyumbu Serengeti. Mimi safari hii nimeona nilete habari ya sanduku. Sanduku lenyewe ni la mbao, lina uzito wa kilo thelathini hivi, na kwa miaka zaidi ya arobaini lilikaa katika chumba cha kuwekea pamba nyumbani kwa babu yangu, karibu na barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi. Sisi wajukuu tuliliita redio. Kumbe si redio. Ni amplifaya ya gita, yaani chombo kinachopokea sauti ndogo ya nyuzi na kuitoa kubwa, kiasi cha kuchezesha ukumbi mzima. Mwezi wa Juni 2025 ilipasa iuzwe, nami nataka kuwaeleza jinsi tulivyojua ni kitu gani na ni cha shilingi ngapi. Nadhani katika nyumba nyingi za wenzangu kimo kitu cha namna hiyo, kama si amplifaya basi ni cherehani au gramafoni, na wanunuzi wanapita kila siku.

Sababu ya kuuza ilikuwa maksai. Mwaka 2022 mvua zilikuwa haba, malisho yakakauka, na baba mdogo akapoteza maksai wawili waliokuwa wakilima shamba letu la pamba na la mtama. Tangu hapo tumekuwa tukikodi ng'ombe wa jirani, na mwenye kukodi hulima mwisho, baada ya mwenye ng'ombe kumaliza kwake. Aliyelelewa kwenye pamba anajua maana ya kulima mwisho. Mbegu inayoingia ardhini Novemba na ile inayosubiri hadi Januari haziwi ndugu tena siku ya kuvuna.

Basi, msimu wa kuuza pamba ukifunguliwa, pesa huingia vijijini, na nyuma ya pesa huja wachuuzi wa kila namna. Nilikuwa nimefika nyumbani likizo siku ya pili tu, akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Alikuwa mtu wa adabu. Aliwaamkia wazee kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akakalishwa, akanywa maji. Kisha baba mdogo akamwonyesha lile sanduku. Mnunuzi akalizunguka, akaingiza mkono kwa nyuma, akashika transfoma, akasema, "Humu kuna shaba, mzee. Natoa elfu arobaini na tano, na mbao mtabaki nazo."

Kesho yake akaja kijana mmoja mwenye kupiga muziki wa harusi. Yeye hakutazama shaba. Alilipiga sanduku kwa vidole, akasema ni kasha zuri la spika, atang'oa vya ndani na kutia spika mpya. Akataja laki moja na nusu. Baba mdogo alifurahi sana, maana kwa siku moja bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Lakini mimi jambo hilo ndilo lililonitia shaka. Mmoja amepima shaba, wa pili amepima mbao, na hakuna hata mmoja aliyepima amplifaya.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikamwambia babu, "Guku, naomba siku kumi nijue kwanza ni kitu gani."

Baba mdogo akasema, "Mtu yupo, pesa ipo mkononi, wewe unataka siku kumi! Mvua nazo zitakusubiri?"

Babu alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kusimulia habari za mizani. Wengi wenu mmezisoma katika somo la Historia, ila yeye alizipata kwa baba yake mwenyewe, maana alizaliwa mwaka 1950. Mwanzoni mwa miaka hiyo wakulima wa Usukuma walishuku kwamba pamba yao inapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa kugombania bei. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue ameleta ratili ngapi kabla hajaambiwa atalipwa shilingi ngapi. Kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. "Pima kwanza," akasema babu, akanipa siku zangu kumi.

Kanuni ya kwanza niliyojiwekea ni kutoichomeka kwenye umeme. Kila aliyefika pale alisema, "Iwasheni tuone kama inaita," kwa kuwa umeme sasa upo hadi kijijini kwetu. Mimi nilikataa, na Mwalimu wetu wa Fizikia atanisaidia kueleza kwa nini. Amplifaya za zamani hazitumii transista bali valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, ambavyo ndani yake kuna waya mdogo unaopata moto. Ili valvu zifanye kazi, ndani ya sanduku hutengenezwa umeme wa volti zaidi ya 300, na kapasita huweza kuutunza kwa muda hata plagi ikiwa imechomolewa. Tena kapasita za namna ile hukauka zikikaa miaka mingi bila kutumika. Ukiichomeka ghafla huenda kapasita ikapasuka, ikaunguza transfoma, na ukawa umeunguza kitu chenye thamani kuliko vyote kabla ya kukijua. Isitoshe, kama ingekuwa imetengenezwa Marekani, ingekuwa ya volti 110 na kitu, na umeme wetu wa volti 230 ungeimaliza kwa dakika moja.

Kwa hiyo nilianza na macho. Nilichukua tochi, bisibisi, kitambaa kikavu na daftari. Babu alikaa kitini pembeni. Macho yake yana ukungu sasa, hawezi kusoma herufi ndogo, basi kazi yangu ikawa kusoma na yake kukumbuka. Wakati mwingine tulipatana, wakati mwingine hatukupatana.

Mbele kulikuwa na jina la VOX. Hilo sikulihesabu sana, maana jina la mbele hubandikwa, na kampuni yenye jina hilo imeuzwa na kununuliwa mara nyingi. Tangu mwaka 1992 ni mali ya Korg ya Japani, na amplifaya mpya zinazofanana kwa sura na zile za zamani zinatengenezwa hadi leo. Juu kulikuwa na matundu sita ya kuchomekea. Babu akacheka nilipoyahesabu. Alisema katika bendi yao gita la solo, gita la ridhimu na maikrofoni ya mwimbaji vyote viliingia humo humo, "na bado tundu moja tulimpa mpiga saksafoni siku akiwa na hasira."

Nyuma, chini ya vumbi la pamba, palikuwa na kibati kidogo. Nilikifuta kwa mate na kitambaa, sikutumia msasa wala mafuta ya taa, kwa kuwa maandishi yakifutika hayarudi. Nikasoma AC30, kisha jina la Jennings na mji wa Dartford, Kent. Babu akasema haiwezekani, yeye siku zote alijua kifaa kile ni cha Marekani, na ndivyo walivyokuwa wakiwatangazia watu ukumbini. Lakini Dartford iko Uingereza, karibu na London. Bwana Tom Jennings ndiye aliyekuwa na kampuni hiyo, na fundi wake Dick Denney ndiye aliyebuni chombo hiki. Kwanza walitoa AC15 mwaka 1958, ya wati kumi na tano. Vijana wa bendi ya The Shadows wakalalamika kwamba makelele ya mashabiki yanaimeza, ndipo ikaja hii ya wati thelathini, na 30 iliyo katika jina lake ni wati hizo. The Beatles nao waliitumia. Tom Jennings aliondoka katika kampuni yake mwaka 1967, na baada yake kiwanda kikapita mikono mingi. Kibati chenye jina la Jennings kwa hiyo ni shahidi mzuri kwamba kitu ni cha miaka ya 1960.

Shahidi wa pili nilimkuta kwenye spika. Ndani mlikuwa na spika mbili za inchi kumi na mbili, nazo hazikuwa ndugu. Moja ilikuwa ya buluu, ya kampuni ya Celestion, na ukingoni mwa chuma chake pamepigwa chapa 12DK. Nyingine ilikuwa nyeusi, haina jina wala namba. Dada yangu ana simu yenye intaneti, na kwa msaada wake nikajua namna ya kusoma chapa ile. Namba ni tarehe. Herufi ya kwanza ni mwezi, A ikiwa Januari, basi D ni Aprili. Herufi ya pili ni mwaka, wakianzia A kwa mwaka 1956 na kuiruka herufi I isichanganywe na namba moja. Hesabu wenyewe mtaona K inaangukia 1965. Tatizo ni kwamba walipofika mwaka 1968 walianza tena na A, kwa hiyo K inaweza kuwa 1977 vilevile. Hapa ndipo kibati kilipofaa. Amplifaya ya Jennings wa Dartford haikutengenezwa 1977. Na babu naye akashuhudia kwamba alipoingia kwenye bendi mwaka 1972 aliikuta. Spika ni ya tarehe 12 Aprili 1965.

Babu hakufurahi hata kidogo. "Sisi tuliambiwa mwenye bendi aliinunua mpya Nairobi mwaka 1971!" Nikamwambia kwa adabu kwamba mwaka 1971 ilikuwa na miaka sita. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi tulijivunia kitu kilichokwisha kuchezewa na wengine." Nadhani hilo lilimwuma kuliko habari yoyote ya bei.

Ile spika nyeusi aliikumbuka vizuri. Ya awali ilipasuka katika dansi moja mwaka 1976, ikatiwa hii badala yake. Kitambaa cha mbele nacho kililiwa na panya, bibi akashona kitenge cha maua mekundu badala yake. Valvu kubwa za aina ya EL84 hutakiwa ziwe nne. Tulikuta tatu, zenye jina la Mullard. Nikamwuliza babu ya nne ilikwenda wapi. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo iliyoua bendi.

Nisimulie hapa kidogo, maana babu alitumia jioni nzima kwa habari hiyo. Alikuwa mpiga ridhimu katika bendi moja ya Mwanza. Vijana wa wakati ule wote walitaka kupiga kama Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye mwaka 1973 alitoka akaunda Super Volcano, na babu alikuwa mmoja wao ingawa anakiri vidole vyake havikufika huko. Magita na amplifaya havikuwa mali ya wanamuziki. Vilikuwa vya mwenye bendi, na mwanamuziki aliyetoka alitoka mikono mitupu. Valvu za akiba zilikuwa zikiagizwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu hata za kununulia vitu vya lazima, seuze valvu ya gita. Valvu ilipokufa hapakuwa na nyingine. Mwaka 1981 mwenye bendi alikuwa anadaiwa na babu mishahara ya miezi minane. Hakuwa na pesa, akampa hii amplifaya. Babu akaipandisha juu ya lori la pamba akarudi nayo nyumbani.

Mnaona, basi, kwamba babu alikuwa ameshailipia tayari, kwa miezi minane ya kazi. Baba mdogo alikuwa haijui habari hiyo. Aliisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, na tangu jioni ile hakunihimiza tena.

Siku ya sita tulikwenda kwa fundi mjini Bariadi, mzee aliyejifunza kazi wakati redio zilipokuwa na valvu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye sanduku. Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa umeme uliobaki kwenye kapasita kwa kipande cha rezista, ingawa mimi nilimwambia haijaguswa miaka arobaini. "Mazoea ya mkono ndiyo yaliyonifikisha uzee huu," akasema. Akatazama chini ya transfoma, akanionyesha risasi ya kulehemu iliyong'aa sawasawa, ya kiwandani, isiyoguswa. Transfoma zote ni za asili. Hilo, alisema, lina maana kubwa kuliko valvu iliyopotea, maana EL84 zinatengenezwa hadi leo huko Urusi na Slovakia na mtu akiagiza atapata, lakini transfoma za Jennings za mwaka 1965 hazitengenezwi tena.

Kapasita mbili zilikuwa zimevimba. Akazibadilisha, na zile mbovu akazitia ndani ya bahasha akanipa. Nikadhani ananipa takataka. Akasema, "Mnunuzi anayejua atataka kuziona, ajue kilichobadilishwa na kilichobaki." Kisha akaunga amplifaya kwenye umeme kupitia taa ya wati mia moja. Ujanja wake ni huu: kama ndani kuna hitilafu, taa ndiyo inayowaka kwa nguvu na chombo kinasalimika. Taa iliwaka, moyo wangu ukaruka, kisha ikafifia ikabaki nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Hiyo ndiyo dalili njema. Kwa kuwa valvu zilikuwa tatu, akatoa moja zaidi. Alieleza kwamba zikiwa nne, mbili husukuma na mbili huvuta, na kwa muda mfupi wa kujaribu moja na moja zitatosha, kwa sauti ya nusu.

Kijana wa kwaya aliyekuwa jirani na duka akaja na gita lake la umeme. Alipogonga nyuzi, ilitoka kwanza ngurumo, halafu sauti ikawa safi, tena nene. Kijana akageuza vifundo ovyo ovyo kutafuta sauti nzuri. Babu, aliyekuwa kwenye benchi mlangoni, akasema bila kuinuka, "Acha hivyo vya katikati. Geuza cha mwisho, kilichoandikwa Cut." Kijana akageuza. Ikawa kweli. Babu hakuweza kukiona kifundo hicho kutoka mlangoni, wala hata kingekuwa puani pake. Fundi alituachia kazi yote kwa elfu thelathini na tano.

Sasa ndipo tukaingia kwenye bei. Hapa wenzangu wa Biashara wanisikilize. Nilitafuta kwenye minada ya Uingereza AC30 za Jennings za miaka ile, na nikaziandika katika safu mbili: bei ambazo wauzaji wanataja, na bei ambazo wanunuzi wamelipa kweli. Safu hizo mbili hazilingani. Mtu yeyote anaweza kutaja bei, kama vile mkulima anavyoweza kutamani pamba ifike elfu tano. Kwenye safu ya pili niliona zile kamili, zenye spika zote mbili za buluu na kitambaa chake, zikifika pauni 2,000 na kupita, yaani zaidi ya shilingi milioni sita.

Dada aliposikia milioni sita alipiga vigelegele. Nikamwomba asubiri. Yetu ina spika moja ya asili, na spika hizo za buluu ni sehemu kubwa ya thamani yote. Valvu moja haipo. Kitambaa ni kitenge. Vifundo viwili si vya kwake. Nikakata nusu, na sidhani nilionea. Tena hiyo ni bei ya huko, ambako mnunuzi anafika na gari lake. Kupeleka kilo thelathini za mbao na kioo kwa ndege, kuzifunga zisivunjike, kulipia bima na sehemu ya dalali wa mnada, kisha kukaa miezi kungoja, hayo yote yanatoka katika mfuko wetu kwanza, na mfuko ndio uliokuwa mtupu. Kwa hiyo nilitafuta bei ya Tanzania: mtu wa hapa anayejua kitu hiki, mwenye nauli ya kuja Bariadi na nguvu ya kukibeba. Nikaandika daftarini mistari miwili. Tuombe milioni mbili na nusu. Tusishuke chini ya milioni moja na laki mbili, bora irudi kwenye chumba cha pamba.

Dada akapiga picha za kibati, za chapa ya spika, za transfoma, hata za zile kapasita mbovu. Mimi nikaandika maelezo, nikaanza na kasoro. Baba mdogo alishangaa. "Muuza ng'ombe gani huanza kwa kusema ana kilema?" Nikamjibu kwamba tunayemtaka akija atafungua mgongo wa sanduku kabla hajakaa, na akikuta spika nyeusi ambayo hatukumwambia, hatauamini hata ukweli wetu.

Walipiga simu watu watatu. Wa kwanza alikubali bei yote bila kuuliza neno, ila akataka sisi tumtumie kwanza pesa ya kufungulia malipo yake. Huyo dada alimkatia simu. Wa pili alitaja laki tisa, hakupanda. Wa tatu ni mwanamuziki mwenye studio huko Arusha. Aliuliza chapa ya spika, akauliza kama transfoma zimeguswa, akauliza kama sanduku limepakwa rangi upya. Nilipomwambia halijapakwa, alisema anakuja.

Alifika kwa basi, siku ya tisa. Kama nilivyosema, alifungua mgongo kabla hajakaa. Alisoma kibati, akapitisha kidole kwenye 12DK, akaomba ile bahasha ya kapasita. Halafu akazungumza na babu zaidi ya saa nzima juu ya bendi za Mwanza, mpaka bibi akaleta ugali. Baada ya kula wakapatana milioni moja na laki tisa. Mwenyekiti wa kitongoji akaandika hati, pande zote zikatia sahihi, babu kwa kidole gumba, na pesa zikahesabiwa mara mbili.

Jambo moja halikuwa katika hesabu yangu. Bibi alitaka kung'oa kile kitenge, aliona haya kitu kikubwa namna ile kwenda Arusha na kiraka. Mnunuzi akamzuia. Alisema spika atatafuta ya buluu, valvu ataagiza, lakini kitenge kibaki kama kilivyo. Bibi hakuamini, akamwuliza mara mbili.

Maksai wawili walinunuliwa mnadani mwezi wa Agosti kwa milioni moja na laki sita. Elfu thelathini na tano zilikuwa zimekwenda kwa fundi, na zilizobaki zilinunua jembe la plau na minyororo, na babu akapelekwa kupimwa macho. Siku ya wazazi kututembelea hapa shuleni, baba mdogo aliniambia maksai wameshazoea nira. Mmoja ana pembe iliyopinda na ni mvivu kidogo. Mwenzake ana nguvu, huvuta kwa wote wawili, na babu amempa jina la Dartford. Majirani wanadhani ni jina la ukoo wa upande wa bibi.